Kuelea na kuzama: anza na presha, Archimedes atakuja mwenyewe

Mada ya kuelea na kuzama huwa inaonekana ya kupumzikia kwenye fizikia, fomula moja, hadithi moja ya mfalme na taji lake, maswali manne matano ya kupachika namba, mnasonga mbele. Sasa jaribu kuuliza swali dogo lisilo na namba hata moja uone darasa linavyogawanyika, na mara nyingi wale waliopata zote kwenye zoezi ndo wanabisha kwa sauti kubwa zaidi.

Swali lenyewe ni kama hili. Una maboksi matano, umbo moja ukubwa mmoja, ila masi inapanda kutoka la kwanza mpaka la tano. Yote umeyashika katikati ya tanki la maji halafu unayaachia kwa pamoja. Maji yakitulia unaona la pili limeelea, limezama karibu lote limebakiza ukingo mwembamba tu nje, na la tano liko chini kabisa. Mengine matatu yako wapi? Watafiti wa University of Washington waliwapa swali la aina hii wanafunzi wa chuo kikuu ambao mada walishafundishwa, na mwaka 2003 wakaandika kwenye American Journal of Physics kwamba kosa lililokuwa linajirudia sana ni kuyapanga maboksi kwenye mstari wa mshazari, la tatu limening'inia chini kidogo ya uso wa maji, la nne chini zaidi, kana kwamba kila uzito una kina chake cha kupumzikia.

Ndani ya maji hamna kitu kama hicho. Boksi likiwa na densiti (yaani masi gawanya kwa ujazo) ndogo kuliko ya maji litapanda mpaka sehemu yake itoke nje, densiti ikizidi ya maji hata kidogo litashuka mpaka liguse sakafu, na kuning'inia katikati kunawezekana pale tu densiti mbili zinapolingana kabisa. Kwahiyo la kwanza linaelea likiwa limetokeza zaidi kuliko la pili, na la tatu na la nne, kama masi inapanda kwa hatua ya maana, yako chini pamoja na la tano. Basi. Na hili sio la kwenye tanki tu, kuna watu wazima kabisa wanaamini meli ikizama kwenye bahari yenye kina kirefu inafika mahali inagoma kushuka kwasababu maji ya huko chini "yamekazana". Maji hayakazani hivyo. Kwenye kina cha kilomita 4 yanabanwa kama asilimia 2 tu, wakati densiti ya chuma ni karibu mara 8 ya maji, ndo maana Titanic iko sakafuni kabisa, mita kama 3,800 chini.

Anayechora ule mshazari fomula anayo kichwani, ukimuamsha usiku atakutajia. Asichojua ni hiyo kani ya kusukuma juu inatoka wapi, anaichukulia kama kani mpya ya ajabu ambayo maji yanayo, labda inaongezeka kwa kina, labda inategemea kitu ni kizito kiasi gani, nani ajuaye. Kwa maoni yangu kuanza na kanuni ya Archimedes, ile inayosema kitu kilicho majini kinasukumwa juu kwa kani sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha, ni kuanza mwisho. Anza na presha, kaa nayo hata vipindi viwili, na ile kanuni yenyewe uifanye iwe kitu ambacho mwanafunzi angeweza kuitoa mwenyewe.

Kwenye presha (kani gawanya kwa eneo) ya maji yaliyotulia kuna mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, inategemea densiti ya kimiminika (ρ), g ya mvutano wa dunia, na kina kutoka juu (h), P = ρgh, wala haijali chombo ni kipana au chembamba. Kila ukishuka kama mita 10 kwenye maji unaongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu, yaani kama paskali 100,000. La pili, na hili ndo linarukwa sana, presha haina upande wake inaoupenda. Pale pale kwenye kina kile kile maji yanasukuma chini, juu, kushoto, kulia, na yakigusa uso wowote yanausukuma kwa pembe mraba. Mwanafunzi ambaye presha kwake ni "uzito wa maji yaliyo juu unaokandamiza chini" hatakuja kuelewa ni kitu gani kinasukuma kwenda juu, kwasababu kwenye picha yake hakuna maji yanayosukuma juu.

(Pembeni kidogo: lile jaribio la chupa yenye matundu matatu, ambalo vitabu vingi vinachora tundu la chini likirusha maji mbali kuliko yote. Kama chupa imekaa juu ya meza na unapima maji yanapoangukia mezani, linaloshinda ni la katikati, sio la chini. La chini linatoa maji kwa kasi zaidi ni kweli, ila maji yake hayana muda wa kuruka, yanagusa meza haraka. Ukitaka kuonyesha kasi, angalia maji pale pale yanapotoka, au inua chupa juu sana. Mwanafunzi makini akifanya hili jaribio mwenyewe atakuja kukuuliza, bora uwe umejiandaa.)

Haya, sasa kipande chenye pande sita sawa, kila upande sentimita 10, yaani ujazo wa lita moja. Kizamishe mpaka uso wake wa juu uwe kwenye kina cha sentimita 20, chukua g ni 10 maisha yawe rahisi. Presha ya maji pale juu ni paskali 2,000, eneo ni mita za mraba 0.01, kwahiyo maji yanakisukuma chini kwa nyutoni 20. Uso wa chini uko kwenye sentimita 30, presha 3,000, maji yanakisukuma juu kwa nyutoni 30. Za pembeni zinauana zenyewe kwa zenyewe. Kinachobaki ni nyutoni 10 kwenda juu. Hiyo ndo kani ya kusukuma juu, yote, hamna kitu kingine kilichojificha. Na lita moja ya maji ina uzito gani? Nyutoni 10. Usiseme wewe, acha waone wenyewe.

Halafu wape kazi ile ile kwenye kina cha mita 5. Juu nyutoni 500, chini nyutoni 510, tofauti ni 10 ile ile. Ongeza na presha ya hewa ukitaka, pande zote mbili zinapanda kwa nyutoni 1,000, tofauti haijatikisika. Wale wanaodhani ukizama zaidi unasukumwa juu zaidi hapa ndo wanapona, na wanapona kwasababu wanaona nusu yao iko sahihi: kani za maji kweli zinakuwa kubwa huko chini, ni tofauti tu ndo haibadiliki. Kwangu mimi huu mstari mmoja wa hesabu una faida kuliko kurudia "haitegemei kina" mara ishirini.

Sasa atanyoosha mkono mmoja aseme sawa, hilo ni boksi, je jiwe lenye umbo la ovyo ovyo? Swali zuri na jibu lake ni tamu kuliko yote kwenye mada nzima, na halihitaji hesabu za kuunganisha presha vipande vipande. Ondoa jiwe kichwani mwako, mahali pake jaza maji, maji yenye umbo lile lile la jiwe, na mpaka wake wa kufikirika. Tanki limetulia, hayo maji hayapandi wala hayashuki. Lakini yana uzito. Kwahiyo maji yanayoyazunguka lazima yanayasukuma juu kwa kani inayolingana kabisa na huo uzito. Rudisha jiwe sasa. Maji ya kuzunguka yanajua kuwa kuna jiwe? Hayajui. Yanagusa mpaka ule ule, kina kile kile, presha zile zile, yanasukuma vile vile. Mwanahisabati Simon Stevin alishaitumia hoja ya maji ndani ya maji mwaka 1586, na mpaka leo sijaona njia fupi kuliko hiyo.

Ikikaa hiyo "maji hayajui", mambo mengi yanajifungua yenyewe. Mpira wa chuma, mpira wa mbao na puto la ukubwa mmoja, vyote ukivizamisha kabisa vinasukumwa juu kwa kani moja, kinachotofautiana ni uzito wa kila kimoja na ndo unaoamua nani anapanda nani anashuka. Wanafunzi wengi wanabisha hapa, wanasema chuma kimezama basi kani yake ni ndogo, au hakina kabisa. Waambie wachore mishale. Mshale wa uzito, mshale wa maji, na kama kimeshikwa na kamba mshale wa kamba. Kila kitu kwenye mada hii ambacho kinaonekana uchawi kinaisha ukichora mishale, na kila asiyetaka kuchora mishale anaishia kukisia.

Kuna pahali kanuni yenyewe inagoma na ni vizuri wanafunzi wapaone. Kipande chetu kikikaa sakafuni kikashikana nayo kabisa, maji yasiweze kupenya chini yake, hakuna maji ya kukisukuma juu, kuna ya kukikandamiza tu. Archimedes hayupo hapo. Kizibo cha sinki lililojaa maji ni hicho hicho, unavuta kwa nguvu, kikiinuka upande mmoja maji yakapenya mara kinakuwa chepesi. Ukianza na fomula hili linaonekana ni kituko, ukianza na presha ni la kawaida kabisa.

Tukija kwenye taji la mfalme Hiero, ile stori ya Archimedes kukurupuka bafuni baada ya kugundua jinsi ya kujua kama sonara amechanganya fedha kwenye dhahabu ya taji, aliyeiandika ni Vitruvius, mwandishi wa Roma, na aliishi kama miaka 200 baadaye, na kwenye kazi za Archimedes mwenyewe zilizobaki haimo. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba ile stori haina kani ya kusukuma juu ndani yake! Ni stori ya kupima ujazo kwa maji yanayomwagika, basi, na tunaitumia kufungulia somo la kuelea halafu tunashangaa kwanini wanafunzi wanachanganya ujazo, uzito na kani kwenye sentensi moja. Hata kipimo chenyewe hakifanyi kazi vizuri. Taji la kilo moja la dhahabu tupu lina ujazo wa kama sentimita za ujazo 52, likichanganywa na fedha asilimia 30 linafika kama 65. Kwenye bakuli lenye kipenyo cha sentimita 20 hiyo tofauti ya 13 inapandisha maji kwa kama nusu milimita isiyotimia, nani ataiona hiyo na matone yanayobaki kwenye ukingo. Galileo aliliona hilo akiwa kijana, 1586 vile vile, akapendekeza kutumia mizani pamoja na maji, na wazo lake kwa namna rahisi ni hivi: weka taji upande huu, dhahabu tupu ya uzito sawa upande ule, zamisha vyote kwenye maji, lenye ujazo mkubwa linasukumwa juu zaidi na mizani inalala. Tofauti inakuwa uzito wa gramu 13, mizani ya kawaida inaikamata bila shida. Kama lazima usimulie taji, simulia hilo la Galileo, angalau fizikia yenyewe imo.

Neno "yaliyohamishwa" nalo linaleta balaa lake. Ukisema kinachoelea huhamisha maji ya uzito sawa na wake, mtu anaelewa kwamba maji hayo lazima yawepo, yatoke mahali yaende mahali. Sio lazima. Chukua chombo cha kilo moja chenye kitako bapa cha sentimita za mraba 100, ili kielee lazima kizame sentimita 10, yaani "kihamishe" lita moja. Sasa kiweke ndani ya chombo kingine chenye eneo la sentimita za mraba 110. Nafasi iliyobaki kuzunguka ni sentimita za mraba 10 tu, ukijaza maji mpaka urefu wa sentimita 10 umetumia mililita 100 na kidogo za kupita chini ya kitako. Kilo moja imeelea kwenye gramu mia na ushee za maji! Kama kani ingekuwa inatokana na maji yaliyosogezwa pembeni hii isingewezekana, lakini kani inatokana na presha kwenye kitako, na presha inajali kina tu.

Hapo hapo ndo pa kuingiza lile fumbo la zamani la vyombo vyenye maumbo tofauti, ambalo nalo Stevin alilishughulikia. Una chombo bapa, kitako chake mita za mraba 0.1, urefu sentimita 10, kimefunikwa juu, na kwenye mfuniko kuna mrija mwembamba wa sentimita ya mraba moja unaopanda sentimita 90. Jaza maji mpaka juu. Kina ni mita moja, presha kwenye kitako paskali 10,000, kani kwenye kitako nyutoni 1,000. Lakini maji yote humo ndani hayafiki hata lita kumi na robo, uzito wake ni kama nyutoni 101. Je, mizani chini yake itasoma ngapi? Itasoma 101, ukiongeza na uzito wa chombo. Nyutoni 899 za ziada zinatoka kwenye mfuniko: maji yanausukuma mfuniko juu kwa presha ya paskali 9,000, mfuniko unayasukuma maji chini kwa kiasi hicho hicho, na yote hayo ni mambo ya ndani kati ya chombo na maji yake, mizani haiambiwi. Waache wahesabu wenyewe, 100.9 jumlisha 899.1, inatoka 1,000 kamili na kuna raha fulani inapotoka hivyo.

Sheria ya tatu ya Newton nayo usiiache nje. Weka bika ya maji kwenye mizani, halafu jiwe la nyutoni 25 lenye ujazo wa lita moja lining'inize kwa mizani ya springi, lizamishe bila kugusa kitako. Springi inashuka mpaka 15, hilo wote wanalijua. Mizani ya chini je? Wengi watasema haibadiliki kwasababu jiwe limeshikwa juu. Inapanda kwa 10. Maji yanalisukuma jiwe juu, jiwe linayasukuma maji chini, hamna sehemu hizo nyutoni zinaweza kupotelea.

Maswali ya kupanda na kushuka kwa maji nitayapitia haraka maana yamezoeleka. Upo kwenye boti ndani ya bwawa na jiwe la kilo 2.5, unalitupa majini, maji ya bwawa yanashuka: likiwa kwenye boti lilikuwa linahamisha lita 2.5, likiwa chini linahamisha lita yake moja tu. Barafu inayoelea kwenye maji yasiyo na chumvi ikiyeyuka usawa haubadiliki, lakini ikiwa inaelea kwenye maji ya chumvi usawa unapanda kidogo sana, kwasababu maji iliyoyatoa yana densiti ndogo kuliko ya bahari iliyoyahamisha. Na ile sehemu ya barafu inayoonekana juu ya bahari ni densiti ya barafu, 917, gawanya kwa ya maji ya bahari, 1,025, toa kutoka kwenye moja, kama asilimia 10.

Uthabiti, yaani kwanini kitu kinachoelea hakipinduki, ni mada nyingine na wengi hawana muda nayo, ila angalau waambie kwamba kuelea na kusimama wima ni vitu viwili. Meli ya kivita ya Sweden, Vasa, ilielea vizuri tu mwaka 1628, ikapigwa na upepo kidogo kwenye safari yake ya kwanza kabisa, ikalala, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama kabla hata haijatoka kwenye maji ya Stockholm. Uzito wake ulikuwa umekaa juu mno.

Kupima kama wameelewa mimi ningeacha zile za kupachika namba nikatoa hili moja. Bika mbili zinazofanana zenye maji ya usawa sawa, ziko kwenye pande mbili za mizani ya mkono. Kwenye bika ya kushoto kuna mpira wa chuma umezamishwa, umening'inizwa kwa uzi kutoka kwenye stendi ya nje. Kwenye ya kulia kuna mpira wa plastiki mwepesi, ukubwa ule ule, nao umezamishwa, ila umefungwa kwa uzi kwenye kitako cha bika yenyewe. Upande gani unashuka? Usikubali jibu bila mishale. Wengi watasema zitalingana kwasababu mipira yote inasukumwa juu sawa, na hiyo nusu ni kweli. Ila kulia ule uzi unavuta kitako juu wakati mpira unayakandamiza maji chini, yanafutana, mizani inabaki na uzito wa maji na wa mpira mwepesi tu. Kushoto uzi umeshikwa nje ya bika, hakuna wa kuifuta ile kani ambayo mpira unayasukumia maji chini, kwahiyo mizani inabeba uzito wa maji pamoja na kani yote ya kusukuma, na ndo upande unaoshuka.